Mwimbishaji Hashiki Mti

Kwenye boriti ya juu ya ukuta wa mashariki wa ghala la mbata la ukoo wa Velji, Pongwe, imechongwa tarehe: 11 Agosti 1984. Chini yake zimo herufi mbili, M.J. Ni za Mudathir Jumbe, ambaye siku hiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na ambaye katika kuusimamisha ukuta huo hakunyanyua hata ubao mmoja.

Hakunyanyua kwa sababu hakuruhusiwa. Katika kikosi cha mjomba wake, fundi Suleimani, mtu aliyeimbisha hakushika mti. Hiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyewahi kuulizia asili yake. Ukuta ulitengenezwa umelala chini: nguzo nene za mvule, boriti ya juu na ya chini, mbao za mshazari katikati, vyote vikafungwa kwa bolti hadi vikawa kitu kimoja. Kisha uliamshwa mzima mzima, kama mtu anavyoamshwa kitandani. Wanaume kama arobaini walijipanga safu mbili, kushoto na kulia, wakatia mabega. Mudathir alisimama kando, mikono mgongoni, mahali ambapo aliziona safu zote mbili, akawaimbia.

"Bi harusi kalala!"

"Mwamsheni!"

"Kakataa uji!"

"Mwamsheni!"

"Mume yuko mlangoni!"

"Mwamsheni!"

Halafu sauti yake ilishuka, ikawa ya upole: "Apumue." Hapo safu ya kushoto ililegeza mabega na kuvuta pumzi, huku safu ya kulia ikibeba uzito wote. Aliposema "Apumue" mara ya pili, ilikuwa zamu ya safu ya kulia kupumzika. Kwa mtindo huo ukuta ulipanda bila kurudi chini hata kidogo, na wanaume walitokwa na jasho wakicheka, kwa maana beti za Mudathir kuhusu huyo bi harusi zilizidi kuwa za utundu kadiri ukuta ulivyozidi kusimama.

Anakumbuka vitu vidogo. Harufu ya mbata iliyokuwa imeingia hadi kwenye ardhi ya ua ule. King'ora cha kiwanda cha mkonge kikilia mbali na hakuna aliyegeuza kichwa. Bibi Mehrunissa, mama wa nyumba ya Velji, akitoka na sufuria la chai ya tangawizi na sinia la vitumbua, akimimina mwenyewe, akimbakishia mwimbishaji kikombe cha mwisho kwa sababu, alisema, koo lake ndilo lililofanya kazi. Laurenti, Mbondei wa Muheza aliyekuwa kiongozi wa safu ya kushoto, alilalamika kwa sauti.

"Mama, huyu kaimba tu! Sisi tumebeba."

"Na wewe imba basi," alijibu Bibi Mehrunissa. "Tuone kama hawatakimbia."

Kikosi hicho hakikuvunjwa na mtu. Kilipungua tu. Tofali za saruji zilishika miji na vijiji, na mtu anayejenga kwa tofali hahitaji watu arobaini kwa wakati mmoja. Mashamba ya mkonge yalipunguza watu. Fundi Suleimani alifariki. Wengine walihamia Dar es Salaam, wengine walizeeka kimya kimya majumbani mwao. Mudathir alifungua karakana kando ya barabara pale Pongwe, akawa anatengeneza milango, vitanda na makabati. Kazi hizo hazihitaji wimbo. Watu waliozaliwa baadaye walimjua kama fundi mzuri wa milango, mkimya.

Leo anafanya kazi na binti yake, Nasra, aliyesomea useremala chuoni mjini na kurudi na kofia ngumu za rangi ya chungwa, winchi ya mkono, na swali ambalo baba yake alichukua muda kulizoea. Kabla ya kunyanyua kitu chochote, hata kabati la nguo, Nasra huuliza: "Nani yuko chini?" Hanyanyui mpaka ajibiwe kuwa hakuna.

Mwaka huu Murtaza Velji, mtoto wa Bibi Mehrunissa, aliuza kiwanja cha Pongwe. Mnunuzi alikitaka kitupu. Murtaza aliamua mbao za ghala ziwe sadaka kwa jina la mama yake, aliyefariki miaka minne iliyopita, na akazitoa kwa kikundi cha wanawake wanaolima mwani Tongoni. Wanawake hao hukausha mwani wao juani na hawana pa kuuhifadhi mvua za vuli zinapoanza. Alifikiri mbao zitakatwa vipande vya kawaida, zitumike kwa paa juu ya kuta za tofali. Mudathir alimfuata dukani kwake.

"Shikamoo, fundi," Murtaza alimwamkia, maana alikuwa mtoto mdogo siku ya vitumbua.

"Marahaba, Murtaza. Usizikate zile kuta."

"Nizifanye nini, fundi? Nani wa kuzisimamisha? Kreni haifiki kule, njia yote mchanga."

"Mie nitazisimamisha."

Murtaza alimtazama. Hakucheka. Alisema atawapa ukuta mmoja, ule wa mashariki. Ukisimama salama, na zile tatu zisimame. Ukishindikana, tofali zipo tayari na mtu wa msumeno wa mnyororo yupo. "Sitaki mtu avunjike mguu kwa sadaka ya mama yangu," alisema. "Sitaweza kumwombea."

Ghala likafunguliwa bolti kwa bolti, kila kipande kikapigwa chaki ya alama yake, likasafirishwa hadi Tongoni. Pale, juu ya msingi mpya wa zege mbele ya minazi, Mudathir na Nasra waliuunganisha ukuta wa mashariki upya, umelala. Kimo chake kilikuwa mara mbili na nusu ya mlango wowote wa kijijini, na uzito wake Nasra aliukadiria kuwa umepita tani moja. Boriti ya chini aliifunga kwenye bolti za msingi kwa mikanda ya chuma, ili ukuta ukiinuka mguu wake usiteleze.

Ijumaa, baada ya sala, tangazo lilitoka: kesho asubuhi, mwenye nguvu aje kusaidia kuamsha ukuta wa akina mama. Mudathir hakulala vizuri usiku ule, lakini si kwa wasiwasi. Alikuwa akipanga beti.

Jumamosi alikuja Shekhe.

Shekhe ni jina lake tu; ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye bodaboda na mabega mapana. Aliegesha pikipiki yake, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Wengine wako wapi, mzee?"

"Wanakuja."

"Kutoka wapi? Vijana wote wa hapa nawajua mie, nawapeleka stendi mwenyewe wakihama."

Mudathir aliendelea kutazama njia. Laurenti alikuwa amefika kutoka Muheza, mvi tupu, fimbo mkononi, akasema mguu umechoka lakini mikono ipo. Semeni, mwenyekiti wa kikundi cha mwani, alileta chai. Jua lilipanda juu ya minazi. Hakuna mwingine aliyetokea.

"Baba," Nasra alisema, "tuko watano ukimhesabu dada Semeni. Watano wanatosha tukienda polepole."

"Semeni ni wa chai."

Semeni aliweka birika chini. "Kaka Mudathir, mwani mbichi unaujua uzito wake? Gunia moja likitoka majini? Nipe kazi."

Mpango ulikuwa wa Nasra. Hawangeubeba ukuta kwa mabega hata kidogo. Wangeuinua kwanza upande wa juu, kiganja kwa kiganja, kwa miti miwili mirefu ya kunyanyulia, mmoja kushoto, mmoja kulia, kila mmoja umeegemezwa juu ya jiwe ili ukibonyezwa mwisho wake ukuta upande. Kila ukipanda, gogo linaingizwa chini yake lishike uzito. Ukifika usawa wa kiuno, wanaweka chini yake farasi za mbao zibebe uzito, kisha wanaumalizia kwa kamba na winchi. Nasra na Laurenti wangebonyeza mti wa kushoto, Shekhe na Mudathir wa kulia. Semeni angeingiza magogo, na Nasra alimpa mpini wa jembe.

"Gogo lisukume kwa huu. Mkono wako usiingie chini ya boriti. Hata kidole."

"Hata likikaa vibaya?"

"Hata likikaa vibaya."

Mudathir alishika mti wake. Alijua sheria ya mjomba wake, lakini aliona sheria hiyo ilikuwa ya watu arobaini. Pale mtu hakuwa na nafasi ya kusimama kando mikono mgongoni wakati mwanamke na mzee mwenye fimbo wanabonyeza. Akasafisha koo.

"Bi harusi kalala!"

"Mwamsheni!" Laurenti alijibu peke yake, kwa nguvu ambayo haikutarajiwa, na Shekhe akacheka hadi karibu aachie.

Ukuta ulipanda. Gogo la kwanza likaingia, la pili likaingia. Shekhe alishaujua mwitikio, Semeni pia, na Mudathir aliinama juu ya mti wake, macho kwenye mikono yake, akisikia kitu kikirudi kifuani ambacho hakikuwa kimefika huko kwa miaka mingi. Murtaza alikuwa amekuja, amesimama karibu na tofali zake, mikono mifukoni. Gogo la tatu. Boriti ilishapita goti, na Semeni alikuwa akisukuma gogo la nne kwa mpini.

"Mume yuko mlangoni!"

"Mwamsheni!"

"Apumue," Mudathir aliimba.

Na Laurenti akapumua. Alilegeza mikono yote miwili, kama alivyolegeza kila mara sauti ile iliposema neno lile, tangu ujana wake. Shekhe hakuujua wimbo, akaendelea kubonyeza upande wa kulia. Upande wa kushoto alibaki Nasra peke yake. Mti ulimnyanyua juu ya vidole, ukamponyoka, ukapita karibu na shavu lake kwa mlio wa fimbo inayochapwa hewani. Kona ya kushoto ya ukuta ilishuka juu ya gogo la tatu kwa kishindo, magogo yote yakaguna, vumbi likapanda.

Mikanda ya chuma ilikuwa imeshika, mguu wa ukuta haukusogea. Semeni alikuwa amechuchumaa akiangalia alichoshika: nusu ya mpini wa jembe. Nusu ya pili ilikuwa chini ya boriti, imesagika kama muwa uliotafunwa.

Murtaza alikuja akaichukua ile nusu mkononi mwa Semeni. Aliigeuza, akaitazama ilipokatikia.

"Basi, fundi," alisema taratibu. "Imetosha. Nampigia mtu wa msumeno."

"Nisubiri," alisema Mudathir.

"Nisubiri nini? Huu ungekuwa mkono wake."

"Lakini si mkono wangu," alisema Semeni. Sauti yake ilitetemeka, na alikasirika kwamba inatetemeka. "Niliambiwa nisitie mkono, sikutia. Mpini nitanunua."

Nasra alikuwa amevua kofia. "Mzee Laurenti, uliachia."

"Niliachia."

"Kwa nini?"

Laurenti alimwonyesha Mudathir kwa kidevu. "Kaimba apumue. Apumue ya kwanza ni yetu sisi wa kushoto. Muulize." Kisha, kama anayejisemea: "Wala sikufikiri. Mkono umesikia wenyewe."

Nasra aligeuka. "Baba, hukumwona?"

Mudathir alijaribu kukumbuka alichokuwa akikitazama. Siku zile angemwona Laurenti kabla hata ya kulegeza. Angeuona mkono wa kila mtu, angejua nani goti lake linatikisika. "Nilikuwa natazama mti wangu," alisema.

Alitembea hadi kwenye kona ya msingi, pale ambapo mtu anaona pande zote mbili za ukuta na ambapo ukuta hauwezi kumfikia ukianguka mbele wala nyuma. Akasimama. Akaweka mikono mgongoni. Laurenti, aliyekuwa akimtazama, alianza kutikisa kichwa polepole kwa kukubali.

"Mwimbishaji hashiki mti," Mudathir alisema. "Sheria tumeivunja mie na wewe, Laurenti. Nasra, mti wangu tia mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine, baba."

"Tia mchanga."

Walijaza viroba viwili mchanga wakavining'iniza mwisho wa mti wa kulia, kwenye kamba ya katani, mahali alipokuwa Mudathir. Shekhe alivipapasa.

"Huyu mzee mpya namtaka," alisema. "Mzito, halafu haimbi."

Hata Murtaza alitabasamu kidogo, lakini simu yake ilibaki mkononi. "Mara moja," alisema. "Nikisikia kishindo tena, nimepiga."

Kisha Mudathir aliwapangia upya wimbo, na hili lilichukua muda mrefu kuliko kuupanga ukuta. Zamani, alieleza, apumue ilikuwa ya nusu ya watu kwa sababu nusu nyingine ilibaki na mzigo. Sasa nusu haipo. Kwa hiyo akisema apumue, hakuna anayeachia kitu. Semeni asukume gogo lishike. Ukuta ulale juu ya gogo. Kisha kila mmoja aseme "Limeshika" kwa sauti yake mwenyewe. Yeye asiposikia sauti zote nne, haimbi. Hata kama mmoja ana kikohozi, wote watangoja kikohozi.

"Na nani yuko chini?" Nasra aliuliza.

"Hilo utauliza wewe. Kila ubeti."

Wakaanza tena. Mpini mpya ulitoka nyumbani kwa Semeni. Kutoka pale alipokuwa, Mudathir aliuona ukuta wote kwa mara ya kwanza siku ile, na aliwaona wote wanne. Sauti yake ilionekana nyembamba katika uwanja ule mtupu. Kila baada ya mwito alisikia wachache wakiitikia, na nyuma yao akasikia nafasi, pana, ya wale ambao hawakuwepo. Karibu aweze kuwataja kwa majina mahali walipopenda kusimama. Hakuwataja. Aliangalia mikono ya Laurenti.

"Apumue."

"Nani yuko chini?"

"Hakuna!"

"Limeshika." "Limeshika." "Limeshika." Na Semeni, wa mwisho, akivuta mpini wake nje: "Limeshika, kaka."

Boriti ilifika kiunoni, farasi zikaingia. Walikunywa chai. Baadaye walisimamisha miti miwili mirefu iliyofungwa pamoja kileleni, mbele ya msingi, wakapitisha kamba nene kwenye kapi hadi kwenye winchi iliyofungwa kwenye shina la mnazi. Nyuma ya ukuta zilitoka kamba mbili nyingine, kila moja imezungushwa kwenye kisiki, ili ukuta ukifika wima usipitilize na kuangukia upande wa pili. Moja alishika Laurenti akiwa amekaa chini, mguu mbovu ameunyoosha, nyingine Semeni. Nasra na Shekhe walizungusha winchi. Mudathir hakushika chochote.

Winchi haikuhitaji wimbo, Nasra angeweza kuizungusha kwa hesabu. Lakini ilifuata wimbo vizuri, tiki kwa tiki, na kila apumue ilikuwa kufuli ya winchi imeanguka, kamba za nyuma zimekazwa, sauti nne zimesema. Mara moja Semeni alichelewa kujibu, kamba yake imenasa kwenye gome la kisiki. Mudathir alishamwona kabla hajafungua mdomo. Alinyamaza, mkono juu, wote wakaganda, ukuta ukaning'inia nusu ya safari ukilia kidogo kwenye bolti zake. Semeni akainasua. "Limeshika!" Ukuta ukaendelea.

"Kavaa kanga mpya!"

"Mwamsheni!"

"Mama mkwe anaona!"

"Mwamsheni!"

"Mama mkwe gani huyo?" Laurenti alipaza sauti kutoka kwenye kisiki chake. "Huo ubeti haukuwepo!"

"Nimeutunga jana usiku, nyamaza ushike kamba!"

Ukuta ulisimama muda mfupi kabla ya adhuhuri. Nasra aliteremsha timazi, wakapigilia miega ya kuushikilia pande zote mbili, na hapo ndipo aliporuhusu kamba zilegezwe, moja baada ya nyingine. Shekhe alipanda ngazi kukaza bolti za juu. Akiwa huko aliita kwamba kuna maandishi.

"Elfu moja mia tisa themanini na nne! Mzee, nichonge na ya leo?"

"Bado. Zimebaki tatu."

Murtaza alikuwa amekaa juu ya tofali zake. Aliingiza simu mfukoni, akauliza tofali hizi sasa zifanywe nini. Semeni alimjibu kuwa kikundi hakina choo. Kisha akachukua birika, akamimina chai iliyobaki kwenye kikombe kimoja, akampelekea Mudathir, ambaye alikuwa bado amesimama kwenye kona yake, mikono mgongoni, ameinua uso kuiangalia boriti. Laurenti aliona.

"Dada, huyu kaimba tu," alisema. "Sisi tumebeba."

Mudathir alikunywa nusu, akampelekea nusu pale kisikini.

Ukuta wa magharibi wanauinua Jumatano asubuhi, watu wale wale watano, na Nasra ameagiza mipini miwili ya akiba.